Mwanga wa Pili Kwenye Jicho la Chozi

Geofrey alinipigia simu nikiwa naosha vyombo, na kwa jinsi alivyoanza na salamu ndefu nikajua ana jambo baya. Geofrey ni Mkenya, mwanafunzi mwenzangu huku kwa Wachina, ndiye aliyekuwa akisimamia maonyesho yetu ya picha pale chuoni, na siku zote salamu yake ni "niaje", basi. Siku hiyo aliniuliza habari za mume, za mtoto wetu Felisia aliyeko Machame kwa bibi yake, za utafiti, mpaka za koo langu lililokuwa likiwasha.

"Sema, Geofrey," nikamwambia. "Usinizungushe."

"Da Loyce, ni ile picha yako ya ndege. Kuna mtu ameleta maneno. Anasema ndege ako na taa mbili kwa jicho."

Nilifunga bomba la maji ili nisikie vizuri, maana nilidhani nimesikia vibaya.

Sharti la maonyesho yale lilikuwa moja tu, mwanga wa asili. Hakuna flashi, hakuna taa ya pembeni, hakuna kumtilia ndege maji ya sukari ndani ya ua ili aje mahali ulipomtega. Mimi ndiye niliyelipigania sharti hilo kikaoni, kwa sauti, mpaka watu wakaniona mkorofi. Nimeshuhudia watu wazima wakichoma maua kwa sindano ya maji ya asali, halafu wanajisifu kwamba wamebahatika. Mchezo huo siupendi, na sikuficha.

Na picha yangu ilikuwa nzuri, wacha niseme bila kujishusha. Niliipiga kwenye bustani ya Ziwa Liuhua wakati micheri imechanua waridi mti mzima. Wazee wanaokuja pale na lenzi ndefu kama mabomba humwita ndege yule fengniao, yaani ndege mvumaji, yule wa Amerika anayening'inia hewani mbele ya ua. Nimechoka kuwaambia kwamba mvumaji hajawahi kuvuka bahari kuja huku. Huyu ni chozi, ndugu wa wale wanaonyonya maua ya migomba kwetu, kichwa kijani kinachometa, koo jekundu. Ila naye akikosa pa kutua huning'inia hewani, mara moja tu, na mara hiyo moja ndiyo niliyomnasa, mabawa yamefunguka na jua la asubuhi limempiga kifuani.

Sasa, mtu wa kupiga picha za ndege akitaka kujua kama umedanganya, haangalii mabawa wala ua. Anaangalia jicho. Jua ni moja, kwa hiyo nukta ya mwanga kwenye jicho ni moja. Zikiwa mbili, ujue kuna taa.

"Waamuzi wanakutana Jumamosi," Geofrey akaendelea. "Ukiwaeleza hiyo ya pili imetoka wapi, picha inabaki. Ukikosa, inashuka. Halafu Prof amesema itabidi aangalie pia picha zako za thesis."

Profesa wangu alikuwa mmoja wa waamuzi. Utafiti wangu wote ni wa chozi haohao na micheri hiyohiyo, na nusu ya ushahidi wangu ni picha. Nikionekana nimedanganya kwenye picha ya kupamba ukuta, nani ataamini zile nyingine? Miaka yangu yote ya huku ingekwenda na nukta moja ndogo kuliko mbegu ya ufuta.

"Nani kaleta maneno?"

"Zii, da Loyce. Hiyo siwezi sema."

Nilifungua kompyuta, nikaikuza picha mpaka jicho likajaa kioo. Kweli, nukta mbili. Ya kwanza juu, ya jua. Ya pili chini kushoto, ndogo, nyeupe, imekaa pale kama mgeni asiyealikwa. Sikuwa nimeiona kabla, na nilijichukia kwa kutoiona. Nikafungua picha nyingine za mfululizo uleule. Za mwanzo zilikuwa na nukta moja. Katikati ya pili ikaingia. Mwishoni ikatoweka. Kamera yenyewe ilikuwa imejiandikia kwamba flashi haikuwaka, lakini taa ya pembeni haijiandiki popote, na kila mwamuzi analijua hilo.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nimezaliwa nimekunja uso. Jioni ile nilimshuku kila mtu. Nilimshuku Geofrey kwamba maneno ni yake mwenyewe na huyo mtu ni wa kubuni. Niliwashuku wazee wa lenzi ndefu kwamba mmoja alificha taa majanini. Nikamshuku hata yule kijana anayefagia bustani.

Mume wangu Cornel aliporudi nilimwonyesha. Cornel ni wakala wa mikoba. Kazi yake ni kuwapeleka wateja Shiling, kwenye viwanda vya ngozi, awatafsirie, awapiganie bei. Chuo kiliponipa nafasi huku, yeye aliacha duka lake Moshi akanifuata, kwa hiyo kila jambo la masomo yangu ni lake pia. Alilitazama lile jicho kidogo sana.

"Labda ni maji kwenye jani," akasema.

"Maji hayaingii na kutoka hivi, baba Feli."

"Basi sijui. Mimi mambo ya ndege nayajulia wapi?"

Akainuka kwenda kunawa mikono, na alikuwa ameshanawa. Nililiona hilo, nikaliweka akiba.

Usiku nikiwa macho nilimpata mtu wangu. Émérance. Mfanyabiashara kutoka Bukavu, mteja wa Cornel wa muda mrefu, ambaye naye alikuwa ameleta picha, bata wa ziwani kwenye ukungu. Picha yangu ikishuka, bata wake wanapanda ukuta wa mbele. Nilishangaa nilivyochelewa kumfikiria.

Kesho yake nikamfuata Zhanxi, kwenye masoko ya jumla. Nilimkuta kwenye duka la viatu, mikokoteni inapita nyuma yake, anamtikisia kichwa mwenye duka. "Laoban, tai gui le! Bei gani hii, unaniona miye ni mutoto?" Akaniona, akatabasamu. Sikutabasamu.

"Émérance, ni wewe uliyesema picha yangu ina taa ya uongo?"

"Ni miye," akajibu palepale, kandambili mkononi. "Nilisema mbele ya Geofrey na mbele ya professeur. Lakini sikusema umedanganya. Niliuliza tu, ile lumière ya pili inatoka wapi? Hata weye ungeliuliza. Si ni weye ulituwekea sharti?"

Nilikuwa nimejiandaa akane. Nilikuwa na maneno yangu yote ya mtu anayekana.

"Unautaka ukuta wa mbele," nikasema, na hata mimi nilisikia jinsi lilivyotoka vibaya.

Akacheka mpaka mwenye duka naye akacheka bila kujua cha kuchekea. "Loyce, écoute. Miye niko natafuta viatu vya kutuma Bukavu. Ukuta nitaupeleka wapi?" Kisha akaacha kucheka, akaniangalia sawasawa. "Na ile siku ya picha yako, miye naikumbuka muzuri. Ni siku bwana yako alituangusha. Tulipatana asubuhi mapema ku bus ya Shiling. Tukamungoja, tukamungoja, simu haishike. Alifika saa ine, suruali maji mpaka ku magoti. Akasema alikupeleka ku hospitali, unaumwa sana. Tukakuombea na bamama wote. Sasa nikaona ku picha tarehe ni ileile. Nikasema, bibi wa ku hospitali anapiga picha ya ndege namna gani?"

Sijui nilimuaga vipi. Najua nilitembea mpaka mbele ya stesheni nikasimama katikati ya watu na masanduku yao.

Maana siku ile Cornel aliniambia amepanda basi la kwanza. Jioni alirudi na hadithi za Shiling. Foleni, mwenye kiwanda aliyevaa miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Aliniletea mpaka kishikizo cha funguo cha ngozi. Na kumbe alikuwa mahali, mpaka saa nne, simu haishikwi, na mimi amenilaza hospitali kwa mdomo wake ili apate udhuru.

Kuna mwanamke, nikasema. Nililisema kwa sauti, kwa Kiswahili, na mama mmoja wa Kichina akanipisha njia.

Nilisahau picha. Nilisahau Jumamosi. Nilikwenda nyumbani, Cornel hayupo, na nyuma ya mlango ulining'inia mkoba wake wa mgongoni. Ni sampuli kutoka Shiling, ngozi ya rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Anautembeza kila aendako ili wateja wauulize. Siku ya picha aliondoka nao, nakumbuka, maana nilimtania kwamba anaonekana kutoka mwezini. Leo aliuacha kwa sababu zipu moja imekufa.

Niliuchukua nikaupeleka dirishani nipate kuona vizuri. Nilikuwa natafuta unywele. Rangi ya mdomo. Risiti ya hoteli. Nilitoa tepu ya kupimia, vipande vya ngozi, kadi za viwanda, pakiti ya karanga. Nikaukung'uta. Chini kabisa, kwenye pindo, kulikuwa na kitu kidogo kimekauka. Nikakibandua kwa ukucha nikakiweka kiganjani. Ni petali ya mcheri, waridi bado.

Nikageuka, na jua likaupiga mkoba, na juu ya ukuta wa chumba chetu likatua doa jeupe la mwanga. Nikausogeza mkoba, doa likasogea. Likapita kwenye kalenda, likapita kwenye picha ya Felisia, likasimama kwenye jicho la mtoto wangu. Nukta moja, chini kushoto.

Nikakaa sakafuni.

Kwanza nilifurahi, nisiseme uongo. Nilicheka peke yangu. Yule mwanamke aliyekuwa akienda kumwona alfajiri, akaloa umande kwa ajili yake, akawadanganya wateja kwa ajili yake, ni mimi. Halafu kicheko kikaniishia, ikaja hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Mume wangu alijificha vichakani kunichungulia kama mwizi. Na tangu nilipomwonyesha lile jicho alijua nukta ile ni yake, akanawa mikono, akanyamaza, akaniacha nielekee kuitwa mwongo mbele ya profesa wangu.

Sikumwambia neno. Nilimpigia Geofrey, nikamwambia waamuzi wasikae ofisini, waje bustanini Jumamosi jua likichomoza, na Émérance aje pia. Mkoba nikaurudisha nyuma ya mlango.

Siku zile mbili zilizobaki tuliishi kama watu wawili wanaochungana kwenye foleni. Nilimwuliza wakati wa kula, "Siku ile ya picha, Shiling kulikuwaje?" Akaanza upya, foleni, mwenye miwani mbili, mvua kidogo. Safari ya kwanza mvua haikuwepo. Nilimwangalia anavyotafuna, nikajiuliza ni mangapi mengine nimeyala pamoja na wali. Na yeye alinitazama kwa jicho la pembeni, akijiuliza kwa nini namwuliza. Mara mbili alifungua mdomo kama anayetaka kusema, mara mbili akaomba chumvi.

Ijumaa nikamwambia, "Kesho nisindikize bustanini. Chukua na mkoba wako, unibebee lenzi."

"Mkoba una zipu mbovu."

"Zipu moja. Chukua."

Asubuhi ile hewa ilikuwa na ubaridi mzuri, anga safi. Geofrey alikuja na kofia ya sufu. Profesa wangu, mama mfupi wa maneno machache, alisimama amefunga mikono nyuma. Émérance alikuwa na chupa ya chai, akatumiminia bila kuuliza nani anagombana na nani. Nilisimamisha kamera palepale nilipoisimamisha siku ile, mbele ya tawi lilelile. Jua likapanda juu ya paa za mjini na kushuka kwenye maua.

Nikamgeukia mume wangu. Nilisema kwa Kiswahili, taratibu, kwa heshima zote.

"Baba Feli, chukua mkoba wako. Nenda kasimame pale uliposimama siku ile."

Sikumwonyesha wapi. Sikuinua hata kidole.

Cornel alinitazama. Angeweza kusema "siku gani?" na pale pangekuwa ndio mwisho wangu, na alijua. Geofrey aliangalia huku na huku, hajaelewa. Émérance alielewa, maana niliona mkono wake umeganda kwenye kifuniko cha chupa.

Akauvaa mkoba kifuani, kumbe ndivyo alivyouvaa siku ile kuukinga na matawi. Akapita benchi. Akapita mianzi ya kwanza bila kuitazama. Akaenda mpaka kichaka cha pili cha mianzi, akachuchumaa kati yake na ukuta, na kwa mkono wa kushoto akasogeza tawi moja linaloziba, kama mtu anayefungua pazia la kwao. Suruali yake ililoa mpaka magotini. Na juu ya maua ya mcheri, upande wa kushoto, ikatua nuru nyeupe.

Tulingoja. Chozi hana haraka na shida zako. Alikuja kwenye mti mwingine, akaondoka, akarudi, mwishowe akaja kwenye tawi letu, akakosa pa kutua, akaning'inia. Nilibonyeza mpaka akaruka.

Profesa aliinama kwenye kioo cha kamera, akakuza jicho. Nukta mbili. Ya jua juu, nyingine chini kushoto. Akaliangalia kwa muda, akanyooka, akauliza kwa Kichina swali ambalo, kwa hasira zangu zote na ujanja wangu wote, sikuwa nimelifikiria.

"Kwa hiyo alikuwa msaidizi wako? Alikushikia kiakisi mwanga?"

Kiakisi ni kosa lilelile. Kama niliweka mtu akamulike, si mwanga wa asili, na picha inashuka. Ili picha ibaki, mtu ilibidi aseme kwamba sikujua kama yuko pale. Na akishasema hivyo, swali linalofuata analijua kila mtu. Nilifungua mdomo. Nilitaka sana kumdhalilisha tangu siku ya petali, na sasa nafasi ilikuwa mbele yangu tayari, na sikuweza.

Cornel ndiye aliyejibu. Kichina chake ni cha sokoni, cha bei na hapana, lakini kilitosha. Alisema akiwa bado kichakani, tawi mkononi.

"Yeye hakujua. Nilijificha. Nilikuwa namfuata mke wangu."

Geofrey aliinama akaanza kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Profesa alimtazama Cornel, akanitazama mimi, akatikisa kichwa mara moja kukubali. "Picha ibaki," akasema. "Za utafiti pia ziko sawa." Kisha akashukuru kwa chai, akaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mume wangu, kamera kwangu, mkoba kwake.

"Ungeniuliza," nikasema.

"Ulikuwa unatoka kungali giza. Simu unazima."

"Simu inawatisha ndege. Nilikwambia."

"Uliniambia. Shati lilelile kila siku, uliniambia pia, ili wakuzoee." Alitembea kidogo. "Lakini ulikuwa unarudi unacheka, Loyce. Peke yako, ngazini, kabla hujafungua mlango. Nilikuwa nakusikia. Ukishaingia, unaacha. Nikasema, mtu anayemchekesha hivi mke wangu lazima nimwone."

Nilitafuta hasira yangu nikaikuta imepungua, na kilichobaki mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Na mimi nimekagua mkoba wako," nikamwambia. "Nilikuwa natafuta nywele za mwanamke."

"Ukapata nini?"

"Petali."



Picha ilitundikwa ukuta wa mbele, na bata wa Émérance pembeni yake. Watu walisimama, wakasogea karibu na jicho, wakanong'ona, na sikujua wananong'ona juu ya mwanga au juu ya ndoa.

Jumatatu nilikwenda tena bustanini. Nilipokuwa navaa shati, Cornel alikuwa amelala akiangalia ukuta, na najua pumzi zake za usingizi, hazikuwa zile. Simu sikuizima. Nilisimamisha kamera, jua likapanda, maua ya mwisho ya msimu yakawaka. Chozi alikuja. Alining'inia mbele ya ua karibu kuliko siku zote, mkia umefunguka, koo jekundu lote juani, na nilimkosa. Nilikuwa natazama mianzi.